Dada, Ruta na Sanduku la Chuma

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema mapema nisije nikaitwa mnafiki. Cherehani yangu ikikata uzi mara mbili, ya tatu naipiga kofi. Dada yangu ni kinyume changu kabisa. Tumetoka tumbo moja, lakini uvumilivu wote aliondoka nao yeye, mimi nikaachiwa mdomo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi nilipomsikia kutoka chumba cha nyuma akiiambia kompyuta, "Nakuomba basi, nakuomba," kwa sauti ya mtu aliyeishiwa nguvu, niliacha gauni la watu chini ya sindano nikaenda kuona kulikoni.

Nilimkuta kwenye kiti chake, goti bovu amelinyoosha juu ya kigoda, hedifoni kichwani. Kwenye kioo cha kompyuta hapakuwa na kitu ila kile kiduara kinachozunguka. Mgonjwa alikuwa bado yuko kwenye laini, nikasikia kisauti chake kikitoka: "Mama, upo?"

"Nipo, baba, niko nawe," dada akasema. "Ukurasa wako unafunguka. Hebu niambie, umeshakunywa chai?"

Nikaanza kuhesabu moyoni. Ukurasa ulifunguka nilipofika arobaini na moja. Yule mzee alikuwa ameshamaliza habari za chai, za jirani yake na za paka.

Huyu dada amekuwa opereta wa simu wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Alianza enzi za ule ubao mkubwa wenye matundu, mtu akipiga taa inawaka, yeye anachomeka waya huku, anachomeka kule, watu wanaongea. Ubao ulipoondolewa zikaja mashine za vitufe, naye akajifunza vitufe. Hospitali nzima ilimjua kwa sauti tu. Madaktari walikuwa wakisimama naye sokoni bega kwa bega wasimtambue, mpaka afungue mdomo kuulizia nyanya, ndipo wanageuka: "Ala! Kumbe ni wewe, Opereta!" Mtaani nako jina hilo likamganda. Nikienda dukani naulizwa, Opereta hajambo? Jina langu mimi hakuna anayelijua, na nimeshazoea.

Mwaka jana goti likamwangusha kitandani miezi mitano. Aliporudi akakuta dawati la miadi limehamishiwa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo lile ni ya kusimuliwa tu. Tulidhani ndiyo mwisho. Lakini msimamizi wao, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akasema wamjaribu wiki tatu akifanyia kazi nyumbani. Simu zikaelekezwa kwake, kompyuta ikaletwa, ruta ya intaneti ikafungwa kwenye korido yetu. Mtu akipiga kutaka miadi, dada anafungua kurasa zake: wa jina, wa kadi, wa daktari, wa siku, wa saa, halafu wa kuthibitisha. Kurasa sita kwa mgonjwa mmoja. Na kila mmoja ni ule wa kuhesabu hadi arobaini.

Alipomaliza na yule mzee, simu yake ya mkononi ikalia. Alikuwa msimamizi. Dada alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, akaishusha.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Wastani wangu ni dakika saba kwa simu moja. Wenzangu ni tatu na nusu. Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya majaribio, watanipima siku nzima. Nikipita dakika nne, nafasi anapewa mwingine."

"Si umwambie intaneti ni mbovu!"

"Nimeshamwambia. Na watu wa intaneti wameshapima kutoka kwao, wanasema hadi mlangoni kwetu inafika vizuri. Kosa liko humu ndani." Akavua hedifoni, akaukunja waya wake taratibu. "Mdogo wangu, kuzeeka nimekubali. Na kazi najua nitaiacha. Lakini nataka niage mwenyewe, sitaki kuagwa na kiduara."

Mimi machozi yangu nayo yako karibu kama hasira. Nilijifanya nimeitwa na mteja.

Ijumaa haikuwa zamu yake, na mapema tu baada ya kufagia akatokea na daftari. Nalijua hilo daftari, ni mtindo wake wa tangu zamani. Waya ukileta kelele pale kwenye ubao, alikuwa anaandika saa, tundu lipi, na jambo gani moja amelibadilisha. Jambo moja tu. "Ukibadilisha mawili kwa mpigo," huwa ananiambia, "hutajua lipi limekuponya." Mimi ningebadilisha saba kwa mpigo na kupiga teke la nane.

Akachagua ukurasa mmoja wa kupimia, ule wa mbele wa hospitali ambao yeyote anaweza kuufungua. Kwanza tukazima ruta kwenye swichi ya ukutani, tukangoja, tukawasha. Akafungua ukurasa mara tatu. Arobaini, arobaini, thelathini na tisa. Akaandika.

Akaniambia nijaribu kwa simu yangu, nikiwa pale pale chumbani kwake. Thelathini na nane. "Basi si kompyuta yangu peke yake inayoteseka," akasema, akaandika.

Halafu tukahamisha kompyuta hadi koridoni, mimi nimebeba mashine, yeye anachechemea nyuma na kigoda. Tukakaa chini ya ruta kabisa. Thelathini na moja.

Sasa hapa inabidi nieleze kuhusu ruta yenyewe inakaa wapi, maana huwezi kuiona. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kuchomelea. Mageti ya mtaa huu karibu yote ni yake, na geti la shemeji ukilifunga, hata upepo unabisha hodi. Siku dada alipoanza kazi ya nyumbani, alikuja anasukuma toroli, na ndani ya toroli pana sanduku la chuma. Bati nene pande zote, vitundu vya kupumulia vidogo kama punje ya njegere, mlango, komeo na kufuli. Amelipaka rangi ya buluu mara mbili. Juu ya mlango amechomelea kiua cha nondo nyembamba. "Kitu kinachomrudishia mke wangu kazi," akasema, "hakiwezi kuning'inia ukutani kama kalenda." Akaifungia ruta humo, akakaza bolti nne, ufunguo akautia mfukoni. Dada alimkumbatia mbele yangu bila haya. Na mimi nikapiga makofi, nisijitoe.

Ruta ilikuja na waya mmoja mfupi. Tuliupenyeza kwenye tundu la chini, lile la waya wa umeme, tukahangaika nao kwa koleo na sindano yangu ya kufumia mpaka ukaingia mahali pake. Dada akaunganisha upande wa pili kwenye kompyuta. Akafungua ukurasa. Kumi na nne. Tena: kumi na tatu. Tena: kumi na nne.

"Kwa waya kumi na nne, kwa hewa arobaini," akasema huku akiandika. "Kwa hiyo hapa kuna makosa mawili yamekaa pamoja. Moja liko hewani."

"Hewani gani?" Nilisimama. "Dada, ni hilo sanduku! Waifai imefungwa jela! Itatokea wapi, kwenye tundu za njegere?"

"Sss. Punguza sauti."

Namna alivyosema "punguza sauti" ndiyo iliyonishtua. Nikamtazama. "Ulikuwa unajua?"

"Nilihisi tangu siku ya pili."

Jamani! Siku kumi na nane mtu anakaa juu ya jibu, anawauliza wagonjwa habari za chai! Nilishika kiuno. Nilimwambia naliletea nyundo sasa hivi, na asiponiachia nitalibomoa kwa meno.

"Ukiligusa, hatutaongea mwezi mzima," dada akasema, na hakuwa anatania. "Ulimwona alivyolileta? Uliuona uso wake? Mikono imejaa malengelenge kwa ajili yangu. Ningeanza na neno gani? Nilitaka kupima kwanza niwe na uhakika, halafu nimwambie mwenyewe, vizuri, kwa wakati wake."

"Wakati wake ni Jumatatu!"

"Nitamwambia mwenyewe," akarudia.

Shemeji akarudi kula mchana. Kati yangu na yeye utani ndiyo salamu yetu. Akaketi, akavuta sahani, akaliangalia gauni lililokuwa begani mwangu. "Shemeji, hilo ni gauni, au pazia limekushinda ukaliongezea mikono?"

Siku nyingine ningemjibu akaacha kula kwa kucheka. Siku hiyo nilikuwa nimefura, na mdomo ukanitangulia. "Afadhali pazia langu," nikasema. "Sanduku lako ndilo linalomfukuza dada kazi. Limeifungia intaneti yote ndani, na yeye anaogopa kukwambia!"

Kijiko cha shemeji kilibaki njiani. Akamgeukia dada. "Ni kweli?"

"Kula kwanza, mume wangu."

"Ni kweli?"

"Ni kweli," dada akasema. "Si lote, lakini ni kweli."

Alikiweka kijiko chini bila kelele, akachukua kofia, akatoka. Sahani haikuguswa.

Dada hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniambia tu, "Miaka ishirini na sita nimeunganisha mazungumzo ya watu. Sijaingilia hata moja." Kisha akaanza kuondoa vyombo. Nilikwenda kukaa kwenye cherehani, nikashona mkono wa kushoto mahali pa kulia, nikaufumua, nikaushona tena vile vile. Niliona aibu, na bado naiona ninaposimulia.

Haikupita nusu saa, shemeji huyo. Ufunguo mkono mmoja, spana mkono mwingine, na chini ya kwapa ana kipande cha ubao. Hakusalimia. Alifungua kufuli, akatoa ruta akaipakata, akafungua bolti nne, akalishusha sanduku peke yake huku jasho linamtiririka, na nilipotaka kusaidia alinitazama mara moja tu nikarudi nyuma. Akaugongomelea ubao juu kabisa ya ukuta, katikati ya korido, akaiweka ruta juu yake wazi wazi.

"Pima," akamwambia mkewe.

Dada akarudi na kompyuta yake chumba cha nyuma, bila waya. Sisi wawili tukabaki mlangoni tukimsikia anavyohesabu. Kumi na nne. Akarudia. Kumi na tano. Akarudia. Kumi na nne.

"Kutoka arobaini," shemeji akasema polepole. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti. "Kwa hiyo ile ishirini na sita nzima nilikuwa mimi."

"Ulikuwa mlinzi mkali mno," dada akasema.

"Nilitaka kikae salama." "Mwaka jana ulikuwa unakaa dirishani unaitazama simu isiyolia. Natoka asubuhi uko pale, narudi uko pale. Siwezi kuiona tena ile hali. Nikasema hiki kidude kikiibwa, mke wangu anarudi dirishani. Sikujua kama ni mimi ninayekurudisha."

Dada alimshika mkono, malengelenge na yote, na akamwomba radhi kwa kumficha. Mimi nikamwomba radhi kwa mdomo wangu. Shemeji akasema mdomo wangu ungechomelewa, ila hajapata bati la kutosha. Nikajua tumeshapatana.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Dada alipiga hesabu ya kurasa sita kwa sekunde kumi na nne, akaongeza na maneno ya kawaida, akapata dakika nne na nusu. Jumatatu ingemwangusha vile vile.

"Na hizo kumi na nne zilizobaki ni za nani?" shemeji akauliza, na safari hii kidogo alikuwa na kiherehere. Mtu aliyekwisha kukutwa na hatia hupenda kupata mwenzake.

Tukaendelea kwa mtindo wa daftari, jambo moja moja. Tukazima simu ya shemeji. Kumi na nne. Tukazima yangu. Kumi na nne. Dada akauma kalamu, akatazama chumba chote. "Kilichobaki humu ni kompyuta yangu," akasema. Akaizima. "Washa simu yako, mdogo wangu. Fungua ukurasa."

Nikabonyeza. Sikuwahi kumaliza kusema "mbili". Ukurasa ule pale, na picha zake zote, hadi saa za kutembelea wagonjwa.

"Ahaa!" Shemeji alipiga paja. "Ahaa! Opereta!"

Dada hakucheka. Alirudisha kompyuta hewani, ikauliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi mwanzo, akabonyeza ndiyo bila hata kufikiri, kama anavyofanya kila asubuhi. Ndipo nilipoinama nikaona. Juu kabisa ya kioo palikuwa na mstari wa vijisanduku vyembamba, vimebanana kutoka kona hadi kona mithili ya meno ya zipu.

"Dada, hivi ni nini?"

"Ni wagonjwa."

"Wagonjwa gani?"

"Wangu. Wa tangu nilipoanza." Akasogeza kipanya. "Kila mmoja ni ukurasa wake wa kuthibitisha. Pale pameandikwa 'inasubiri' mpaka daktari akubali. Namwachia wazi mpaka paandikwe 'imekubaliwa'. Wengine wanachukua siku kumi."

"Na huo ukurasa ukiwa wazi unafanya nini?"

Nikaona fikra inamfikia kidogo kidogo, ikaja hadi usoni. "Unaiuliza hospitali. Kila baada ya sekunde chache unauliza, bado? Bado?" Akahesabu kwa ncha ya kalamu, na alipofika sitini na tatu akaiweka kalamu chini. "Watu sitini na tatu wanauliza bado kwa wakati mmoja. Mungu wangu. Ni mimi niliyeziba njia."

"Sasa kwa nini usiwafunge?" Nilijitahidi nisipaze sauti, na sikufaulu sana.

Ndipo akatuambia jambo ambalo mimi, ndugu yake wa damu, sikuwahi kulisikia. Mwaka wake wa kwanza kwenye ubao alimuunganisha mwanamume mmoja na mama yake aliyelazwa. Baada ya muda laini ikawa kimya. Akadhani wameshaagana, akachomoa waya. Kesho yake yule mtu alipiga, hakutukana, alisema tu: "Opereta, jana ulinikata nikiwa bado natafuta neno." Tangu siku hiyo hajawahi kuchomoa mpaka asikie mwenyewe mtu ameaga. Na hawa sitini na tatu, simu walishakata, lakini shida yao ilikuwa haijaisha, na kile kitufe cha kufunga kwake kilikuwa ni kuchomoa waya.

Kwanza mume anamfungia kazi kwa upendo, halafu yeye anaifunga kwa adabu. Nyumba gani hii!

"Ukiufunga ukurasa, miadi inafutika?" shemeji akauliza hatimaye.

"Hapana. Inabaki kwao."

"Basi ziandike namba za kadi kwenye daftari, halafu jioni fungua ukurasa mmoja tu, uwaulizie mmoja mmoja. Hakuna aliyekatwa. Umewahamishia kwenye daftari."

Dada akafungua karatasi mpya ya daftari. "Geukeni ukutani," akatuamuru. "Hizi ni siri za wagonjwa."

Basi tukasimama, mimi na fundi mageti mzima, nyuso zetu ukutani kama wanafunzi waliochelewa, huku nyuma yetu kalamu inaandika, kipanya kinabonyea, na dada anasema kwa sauti ndogo, "Haya, kwaheri. Niko nawe kwenye daftari. Kwaheri. Kwaheri, mama." Mara sitini na tatu. Mwanzo tulikuwa tunabana kicheko. Kufika ishirini hivi hakuna aliyekuwa anacheka.

Alipomaliza akapima. Mbili. Akapima tena, mbili. Mara ya tatu hata hakuhesabu, alikaa tu akiuangalia ukurasa uliokwisha kufunguka.

Jumatatu sikushona kitu. Shemeji naye hakwenda karakana, akadai mlango wa jikoni una mlio, na akautia mafuta tangu saa mbili asubuhi hadi mchana. Simu zilikuwa zinaingia na kutoka. "Jina lako, baba. Naam, nimekuona. Daktari yupo Jumatano, saa nne inakufaa? Haya, nakusomea." Ukurasa, ukurasa, ukurasa. Nilikuwa na saa ya ukutani na jicho langu halikubanduka pale: dakika tatu, mbili na nusu, tatu na kidogo. Roho ilianza kunitulia.

Saa nane ikaingia simu ya mama mmoja aliyetaka kufuta miadi yake ya upasuaji. Ukurasa wake ulifunguka papo hapo. Kufuta ni kubonyeza mara moja tu, simu ingekwisha kwa dakika moja, tena ingemsaidia kwenye wastani. Nikaona kidole cha dada kiko juu ya kipanya. Kisha nikakiona kinanyanyuka.

"Nimeshakufungulia, mama," akasema. "Ukurasa uko mbele yangu, haukimbii. Kwanza niambie, unaogopa nini hasa?"

Dakika ya nne ikapita. Ya tano. Nikaanza kumfanyia ishara. Nilionyesha saa, nikapitisha kidole shingoni, nikamwonyesha vidole vinne. Akazungusha kiti akanipa mgongo. Dakika ya saba, ya nane. Nilimchukia na nikampenda kwa pumzi moja. Yule mama alikuwa anaogopa dawa ya usingizi, kumbe, kwamba atalala asiamke na hakuna atakayejua. Dada akamuuliza nani atamsindikiza. Hakuna. Jirani je? Hawazungumzi. Ndugu mwingine, shangazi, mtu wa kazini? Wakatafuta pamoja hadi wakampata binti wa mjomba wake, na dada akangoja kwenye laini yule mama alipompigia kwa simu nyingine. Binti akakubali. Tarehe haikufutwa. Dakika kumi na moja kamili. Dada akaandika namba ya kadi kwenye daftari, akafunga ukurasa, akapokea simu iliyofuata.

Saa kumi jioni msimamizi akapiga. Dada aliweka sauti ya nje, akaishikilia simu kwa mikono miwili. Shemeji alikuwa amesimama na kopo la mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa chini.

"Wastani wa leo ni dakika tatu na nusu," msimamizi akasema.

Shemeji akasogea karibu na simu.

"Kuna simu moja ya dakika kumi na moja. Nimeisikiliza yote."

"Naweza kueleza," dada akasema haraka. "Yule mama alikuwa—"

"Sihitaji maelezo. Kesho saa mbili, kama kawaida." Akakata.

Dada aliendelea kuishika ile simu. Alitutazama, kwanza mumewe, halafu mimi, kama anayetaka kuhakikisha tumesikia kitu kimoja.

"Amesema kama kawaida?"

"Amesema," shemeji akajibu.

"Hakutaja majaribio?"

"Hakuyataja."

Akalia. Wiki tatu za kiduara hakutoa chozi, leo akalia hadi hedifoni ikamteleza shingoni, na shemeji akaweka kopo chini akaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Mimi nilikuwa nalia tangu saa nane, sikuwa na jipya la kuongeza. Alipotulia akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa changu cha bitana, akaniuliza kama naweza kumwamsha saa kumi na mbili asubuhi, maana kesho ana kazi.